Leo Samaki Wamefunga

Garissa, Alhamisi, mwanzo wa mwaka 1998

Aabo,

Sijafika kaburini kwako. Wanaume waliokuzika wamerudi mara mbili kukusomea, lakini njia ya makaburini imejaa maji tangu wiki ile uliyozikwa, na mwanamke akitaka kuvuka matope yale itabidi aeleze watu kumi anakwenda wapi na kwa nini. Basi salamu yangu naiweka hapa. Assalaam alaykum, baba yangu. Ni mimi Nasra, mtoto uliyepewa mmoja tu. Nimekaa juu ya kigoda chako mbele ya tangi la samaki, mchana mweupe, na mlango nimeufunga.

Najua ungenitania kwa kukuandikia Kiswahili. Nyumbani tulisema Kisomali siku zote, lakini miaka ishirini uliyokuwa Malindi barua zako zilikuja kwa Kiswahili, kwa kuwa huko ndiko ulikojifunza kushika kalamu, mtu mzima na ndevu zako, ukifundishwa na mpishi wa hoteli. "Binti yangu, hali yangu nzuri ila joto." Kila barua joto, utadhani sisi Garissa tunalala kwenye barafu. Mimi nilikuwa nazisoma kwa sauti na kumfasiria mama yangu, Hooyo, na yeye hujifanya hasikilizi, anapepeta mchele uliokwisha pepetwa.

Leo ni Alhamisi, samaki wamefunga. Ndiyo maana nimechagua leo. Siku ya Alhamisi hakuna anayefunua tangi, hata Hooyo, kwa sababu wewe mwenyewe ulituzoesha hivyo: ukifunga wewe, na wao wanafunga. Nimelifunika kwa kikoi chako cha kijani. Nina muda mpaka alasiri ya kesho, na nina jambo la kukwambia ambalo sijamwambia mtu. Niache nianze nyuma kidogo, maana nikilisema sasa hivi nitashindwa kumaliza.

Unakumbuka ulivyorudi na lori la nazi? Hoteli imeuzwa, wenye mali wapya hawataki tangi pale ukumbini, wakakwambia chukua, iwe asante yako ya kustaafu. Mtu mwingine angeliuza palepale. Wewe ukalifunga kwa godoro, ukawatia samaki tisa katika ndoo mbili, na njia nzima, lori likisimama, ulichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa. Dereva alidhani umerukwa na akili. Bulla nzima, mtaa wote, ilikuja kuangalia. Eeddo Dekha, dada yako, alishika kiuno akasema, "Ndugu yangu alikwenda pwani miaka ishirini, amerudi na mfugo usiochinjwa wala kukamuliwa." Sisi watu wa ngamia na mbuzi, samaki hatuli, na wewe ukaja kuwafuga.

Wanane walikuwa wadogo, wenye mikia mipana. Wa tisa alikuwa yule wa rangi ya dhahabu, mnene, mzito, ukamwita Dahabo. Hooyo alikasirika wiki nzima kwamba samaki amepewa jina la mwanamke. Wiki ya pili nikamkuta anamwambia, "Dahabo, umeamkaje?"

Kulisha kwako kulikuwa na nidhamu kuliko darasa la nne ninalolifundisha. Ukishaswali alasiri ulikuja, ukanawa mikono bila sabuni. Ulishika chakula kwa ncha za vidole viwili, kiasi cha chumvi ya yai moja, ukakiloweka kwanza kwenye kifuniko cha chupa ili kisije kikawavimbia tumboni. Ukatia. Kisha ukasoma Kulhuwallahu mara tatu, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Kilichobaki majini baada ya hapo ulikitoa kwa wavu mdogo ulioushona kwa kipande cha chandarua. Mimi nilikuona bahili. Nilikwambia, wapo tisa, hicho hakimtoshi hata mmoja. Ukanivuta karibu na kioo ukaniambia, "Tazama jicho lake. Tumbo lake si kubwa kuliko hilo jicho." Halafu ukasema lile neno ambalo sasa haliniachi: "Samaki hajui kukataa, Nasra. Ukimpa atafungua mdomo, ukimpa tena atafungua mdomo, mpaka afe."

Kopo la chakula ulilokuja nalo lilipoisha ulitengeneza chako. Ini la kuchemsha, kiini cha yai, mchicha, vyote ukavianika juu ya bati, ukavitwanga, ukavitia kwenye kopo la maziwa ya watoto. Dahabo alikuwa na njegere zake, za kuchemsha na kumenywa maganda. Eeddo akasema mbuzi wake tangu wazaliwe hawajamenyewa kitu. Na mvua zikinyesha ulichota viluwiluwi vya mbu kwenye madimbwi, ukisema hiyo ndiyo karamu yao, kwa sababu kisicholiwa huendelea kuogelea na hakiozi.

Hayo yote nilikuwa nayajua, Aabo. Nataka ukumbuke kwamba nilikuwa nayajua.

Kisha mvua hizi. Mwenyewe uliziona zilivyoanza, hukuziona zilivyoendelea. Mto ulitoka mahali pake ukaingia mashambani, barabara ya Nairobi ikakatika, na kwenye maji yale mbuzi wakaanza kutupa mimba na kufa, wakafuata kondoo na ng'ombe. Redio ikasema watu wasichinje, wasichune, wasiguse damu. Na wewe ukashikwa na kifua siku tisa, na asubuhi ya kumi, mvua ikipiga bati mpaka hatukusikiana, ukaondoka. Kabla ya hapo uliniita ukaniambia, "Usiwashibishe." Nilicheka huku nalia, kwamba hata sasa unawaza samaki. Hooyo naye ulimwita, ukamwambia neno sikioni, nami sikulisikia.

Watu walikuja kwa wingi mashallah. Lakini watakutolea sadaka gani? Mwaka mwingine tungechinja, masikini wakala, ukaombewa. Mwaka huu nyama yenyewe ndiyo kifo. Watu wakakaa na mikono mitupu, na mtu wetu asiyemtolea maiti sadaka hulala vibaya. Ikawa mama mmoja wa jirani akaliona tangi. Akasema hawa ni viumbe, ni mifugo ya marehemu, na kulisha mfugo wa marehemu ni thawabu inayomfikia. Akakata kipande cha anjera, mkate wetu wa maji, akatia. Wakafungua midomo.

Basi ikawa ndiyo sadaka yako. Kila aliyeingia kutoa pole alipita kwenye tangi kabla ya kukaa. Wali, anjera, tende, makombo ya sambusa. Wazee walitia huku wakinong'ona dua, na watoto walisukumana. Nilisimama pale na wavu wako mkononi, maana nani atawaambia watu wenye machozi kwamba thawabu yao inaua? Nilitoa nilichoweza. Siku ya tatu maji yalikuwa na ukungu, na asubuhi ya nne mdogo mmoja alielea ubavu.

Siku hiyohiyo Eeddo aliingia na kibuyu cha maziwa ya ngamia. Alikuwa amekuja kutoka Ijara kabla ya barabara kufungwa na hakuwa na njia ya kurudi. Akaona samaki wanahema juu ya maji, akasema kwa huruma kabisa, "Maskini, hawa ni dhaifu, dhaifu hupewa maziwa," na akamimina. Niliona weupe ule ukishuka taratibu mpaka chini. Aabo, nilimfokea. Nilimfokea shangazi yangu mbele ya wanawake wa matanga. Nikamwambia ulisema kweli kwamba dada yako ana mkono mzito na kichwa chepesi. Hukusema hivyo kamwe, mimi ndiye niliyetunga. Alijifunga shuka yake, akatoka katika mvua, akahamia kwa binamu zake upande wa pili wa bulla. Hajakanyaga hapa tangu siku ile.

Nikadhani nimemaliza. Nilibadilisha maji kidogo kidogo ulivyonifundisha, yale yaliyolala siku mbili kwenye jerikani. Nikaweka ubao juu ya tangi na jiwe juu ya ubao. Watu wakaelewa, wakaacha. Na samaki wakaendelea kufa.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Sikuwa nikiwapa ila kile kiasi cha vidole viwili, na Kulhuwallahu tatu, na Alhamisi wanafunga. Lakini kila siku ya pili au ya tatu nikirudi kutoka shule nilikuta mmoja. Maji yalikuwa meupe tena asubuhi baada ya kuyabadilisha. Yalikuwa na harufu, si ya kuoza tu, kulikuwa na kitu kichungu ndani yake ambacho sikukijua. Stima nayo ilikatika siku nne, pampu ikanyamaza, na chumba hiki ambacho miaka yote kilikuwa na ule mchemko wake wa mapovu kikawa kimya, na mimi nikawa napita mlangoni haraka bila kuangalia ndani. Wanawake walianza kusema. Wakasema wanamfuata bwana wao, mmoja mmoja, na wakiisha watamchukua mtu wa nyumba. Walisema chini chini, lakini nyumba yetu ni ndogo, na Hooyo ana masikio.

Sasa nikwambie habari za Hooyo.

Yupo ndani ya eda, kwa hiyo hatoki, anashinda humu na kigoda chako. Nilipokwenda shule alibaki peke yake na tangi. Mwanzoni nilishukuru kwamba anakula. Unajua yeye na wewe mlikula sahani moja, na sijawahi katika maisha yangu kumwona anakula peke yake. Hata ulipokuwa Malindi alinikalisha mimi upande wako. Nilihofia atakufa njaa. Lakini majirani walimletea chakula na sahani zilirudi tupu, na wote tukasema alhamdulillahi, anakula. Ila alikuwa akikonda. Uso ulipungua huku miguu ikivimba, kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Akitoka kitandani mpaka mlangoni anasimama kutafuta pumzi. Na kila siku alasiri aliniuliza, "Wamebaki wangapi?" Nikimwambia wanne, anarudia: wanne. Nikimwambia wawili, anarudia: wawili. Na siku niliyomwambia amebaki Dahabo peke yake, alivuta shuka mpaka machoni akasema, "Basi tumebaki mimi na yeye."

Nilimpeleka hospitali kwenye mkokoteni wa punda, eda au si eda. Daktari, kijana wa bara, alimpima presha mara mbili kisha akaniangalia mimi badala ya yeye. Akamwuliza kama anameza vidonge kila siku. Hooyo akajibu kwa Kiswahili chake, "Ile dawa ya bresha nakula, dakitari. Kila siku nakula." Daktari akaandika. Mimi nikasikia kitu kimekosekana na sikujua ni nini mpaka tumefika nyumbani. Aabo, unamjua mkeo. Akikwambia mvua inanyesha anaapa. Akikwambia chai iko tayari anaapa. Siku ile hakusema wallahi.

Daktari aliniambia mlangoni kwamba vidonge vile visikatishwe hata siku moja, na kwamba vilivyo kwenye pakiti ndivyo hivyo hivyo, kwa kuwa dawa zimekwama ng'ambo ya maji na hakuna ajuaye zitafika lini. Nilipofungua pakiti nilikuta kumi na vinne. Nikaridhika, kwa sababu hesabu ilikuwa sawasawa, vilikuwa vikipungua kimoja kila siku.

Kesho yake, Jumatano ya wiki iliyopita, nilitoka shule mapema. Niliamua kufyonza changarawe yote, kazi uliyokuwa ukiifanya wewe kwa mpira, ukivuta kwa mdomo na kutema. Hooyo alikuwa amelala chumba cha pili. Nikavuta. Kwanza ikatoka wali. Wali mwingi, uliovimba, na anjera iliyogeuka kamasi, na nyuzi za nyama ambayo sijui nani aliipata wapi. Nikadhani ni mabaki ya matanga. Lakini matanga yalikuwa yamepita siku nyingi, na mpira ulikuwa ukigonga kitu kigumu kidogo kidogo chini ya kokoto. Nikatia mkono. Nikatoa kiganja cha vitu vyeupe, vimelainika pembeni, vingine nusu nusu vilivyokatwa kwa wembe kwenye ile alama ya katikati, vingine vizima. Nilivipanga juu ya ubao kama meno ya mtoto.

Vilikuwa vidonge vyake.

Sikupiga kelele. Nilikwenda nikakaa kando ya kitanda chake nikamfungulia kiganja. Hakushtuka wala hakukana. Aliniambia kama mtu anayemweleza mtoto jambo la kawaida. Wewe, Aabo, mbuzi akiugua ulikuwa ukichukua kidonge kutoka mfuko wa dawa za watu, ukakikata kwa wembe, nusu kwa huyu, nusu kwa yule, na walipona. Nani hapa hajafanya hivyo? Yeye ni binti wa wafugaji wa Sangailu, alilelewa akibeba ndama wagonjwa mgongoni. "Walikuwa wanaumwa," akaniambia. "Nina dawa mkononi, niwaangalie tu wakifa?" Mwanzo alimeza nusu akawapa nusu. Walipozidi kufa aliwapa kizima. Na chakula je? Akageuza uso ukutani. "Sijui kula peke yangu. Niliwapa, wakala, nikaona kama tunakula."

Kisha akaniambia ulichomnong'oneza. "Usiwaache wafe."

Nisamehe, lakini nilikukasirikia. Mimi ulinipa neno moja, yeye ukampa jingine, na kila mmoja akalishika lake kwa nguvu zake zote. Kama ungetuita pamoja na kusema yote mawili, wadogo wanane wangekuwa wanaogelea, na Eeddo angekuwa jikoni anatutukana. Nilikaa pale na vidonge vimeyeyuka mkononi, nikafikiria siku zote nilizomfungia shangazi yangu mlango, wakati aliyekuwa akiua alikuwa ndani, ananiombea dua nikienda kazini.

Nikafanya naye mapatano. Sikuwa na akili nyingine. Nikamwambia, Hooyo, Dahabo hatakula mpaka wewe umeze kidonge chako mbele yangu na ule matonge matano. Ukimeza, nitakupa wavu na kopo, na wewe ndiwe utakayemlisha, kiasi cha vidole viwili, si zaidi. Alinitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona machoni mwake. Halafu akatazama tangi. Akameza.

Zilikuwa siku njema, Aabo, siku nane. Nilimtia Dahabo kwenye beseni la maji safi mpaka tangi lilipotulia. Nilimchotea viluwiluwi, na mwaka huu madimbwi yamejaa, ndiyo faida pekee tuliyoipata. Kila alasiri, hata Alhamisi ile kwa kuwa Dahabo alikuwa bado mgonjwa, Hooyo aliswali, akameza, akala matonge matano na mara moja saba, kisha akanawa mikono bila sabuni. Akatia viluwiluwi kimoja kimoja. Akasoma Kulhuwallahu mara tatu kwa sauti yako, na mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia mawingu. Juzi aliniambia, "Jicho lake limekuwa zuri." Miguu yake ilipungua uvimbe kidogo, shimo la kidole linajaa haraka zaidi. Nilianza kuhesabu vidonge na siku, nikasema huenda maji yatapungua kabla havijaisha.

Leo asubuhi, wakati yuko juu ya mswala, nilikuja kuwasha pampu. Dahabo alikuwa chini, ameegemea kioo upande wa kigoda chako, na jicho lake moja limeelekea chumbani. Mapezi hayakutikisika. Nilimgusa kwa wavu. Sidhani kuna aliyekosea safari hii. Alimeza dawa ile na wali ule siku nyingi mno, na ndani alikuwa ameshaharibika, sisi tulimwona mzima kwa kuwa tulitaka.

Nilimtoa, nikamfunga katika leso yangu, nikamweka ndani ya kopo la chakula. Lipo hapa miguuni pangu ninapoandika. Kisha nikatandaza kikoi chako juu ya tangi tupu. Hooyo alipomaliza dua aliuliza kutoka kule, "Leo wamefunga?" Hakusema amefunga, alisema wamefunga, kama zamani. Nikamjibu, "Wamefunga, Hooyo." Na kama mwenyewe angesikiliza vizuri angegundua kwamba na mimi sikuapa.

Vidonge vimebaki sita. Cha leo hajakimeza, kwa sababu Alhamisi Dahabo hali, na yeye ameniambia leo anafunga naye. Nilibishana naye nikashindwa, tumekubaliana atameza akifungua. Kwa hiyo jioni hii atameza akiwa na matumaini ya kesho. Kesho alasiri atakuja mwenyewe, ananyata kwa kushika ukuta, kidonge kiko kiganja kimoja na wavu kiganja kingine, na atavuta kikoi. Anaamini wakiisha naye anaisha. Ameyasikia kwa wanawake na ameyaweka moyoni, na mwili ule unaweza kumtii. Naogopa, Aabo. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku ile mvua ilipopiga bati.

Niliwaza kumdanganya. Niliwaza kusema maji yamechafuka, Dahabo yuko kwenye beseni kwa jirani. Niliwaza hata kutafuta samaki mtoni, nikacheka peke yangu, samaki wa Tana katika rangi ya dhahabu. Uongo ungenipa siku mbili, na yeye angeujua siku ya kwanza, kisha hatachukua tena kitu chochote kutoka mkononi mwangu.

Nimeamua hivi, na ninaandika ili nisipate njia ya kugeuka. Nikimaliza barua hii nakwenda kwa Eeddo Dekha. Nitavuka matope na kila anayeuliza nitamwambia ninakwenda kuomba radhi. Nitamwambia neno lile lilikuwa langu, si lako. Nitamwomba kesho awe humu, aje na mkono wake mzito na maziwa yake, nimwonyeshe wa kumpa. Sitaki Hooyo asikie habari hii mbele ya mtu mmoja tu.

Alasiri ya kesho nitafunua tangi mimi mwenyewe. Nitamwambia Dahabo amekufa, sitasema amelala. Atakapoanza kurudisha kidonge kwenye pakiti, nitaketi chini mbele yake, kwenye udongo, mahali pale ulipokuwa ukisimama kulisha. Nitamwambia: Hooyo, Aabo alikwambia usiwaache wafe. Mifugo yake haijaisha. Amebaki mmoja, na tangu alipozikwa hakuna aliyemwuliza amekula nini. Meza kwanza, ndiyo mapatano. Kisha nilishe.

Na ni kweli, Aabo. Sikuwa nimegundua mpaka nilipoliandika. Nina njaa.

Lala salama huko uliko, mchana wako na usiku wako viwe sawa, na maji yasikufikie. Nikijaliwa njia ikikauka nitakuja na yeye, tumeshikana mikono, tukusalimu kwa sauti. Ikiwa haikuandikwa hivyo, wewe utakuwa umeshamwona kabla yangu, na hutahitaji barua. Lakini nakuahidi, mbele ya Mungu, wallahi, kwamba kesho sitamwacha ale peke yake. Ataleta tonge la kwanza kwa vidole vyake viwili, kidogo, kama ulivyotufundisha.

Nitafungua mdomo.

Mwanao,
Nasra